Shairi Lililoandikwa kwa Kioo: Dirisha la Kiyama la York

Katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, karibu na ukingo wa mto Ouse, limesimama kanisa la mtaa la All Saints, North Street. Mnara wake una kilele chembamba cha pembe nane, chenye kimo cha takriban mita 36, na dari ya mbao iliyo juu ya madhabahu imepambwa kwa sanamu za malaika. Hata hivyo, hazina kubwa kwa mpenzi wa ushairi imo katika dirisha moja la ubavu wa kaskazini, lililotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 15. Dirisha hilo linasomwa.

Asili yake ni The Pricke of Conscience, yaani Mchomo wa Dhamiri, utungo wa karne ya 14 wenye mistari zaidi ya 9,000 iliyofungwa kwa vina viwili viwili. Nakala zake za mkono zilizosalia zinazidi 100; hakuna shairi jingine la Kiingereza la zama hizo lililofikia idadi hiyo. Kutokana na bahari hiyo ya maneno, fundi wa kioo aliteka tone moja tu: siku 15 za mwisho wa dunia. Kila siku ina picha yake, na chini ya kila picha pana mistari iliyofupishwa, si kwa Kilatini cha makasisi bali kwa Kiingereza cha watu wa mitaani.

Je, shairi lililokatwa hivyo hubaki shairi? Msomaji aliyezoea tenzi zetu za kiyama ataona kilichopotea: hoja, mahubiri na mwendo wa taratibu unaomwandaa msikilizaji. Kilichopatikana ni mpangilio. Dirisha husomwa kutoka chini kwenda juu. Maji ya bahari hupanda, hushuka, kisha hurudi mahali pake. Viumbe wa baharini huibuka. Bahari yenyewe huwaka moto. Majumba huporomoka, mifupa ya wafu huinuka, nyota huanguka, na siku ya 15 kila kitu huteketea. Jicho hupanda huku dunia ikishuka. Ukinzani huo haumo katika utungo wenyewe. Umezaliwa na kioo.

Kasoro ipo. Maandishi ni madogo, na yale ya juu yako mbali mno na msomaji aliyesimama sakafuni. Mistari hiyo basi ilimfaa zaidi yule aliyekwisha kulisikia shairi likisomwa. Kwa mwingine, picha ilibeba mzigo peke yake.

Lililo zito zaidi ni suala la hofu. Chini kabisa ya dirisha wanaonekana wafadhili wamepiga magoti, kana kwamba maji ya siku ya kwanza yatawafikia wao kabla ya wengine. Hawakujichorea kiti cha watazamaji. Juu kabisa, waliookoka wanapokewa na Mtakatifu Petro, na waliopotea wanaburutwa na mashetani. Lau kanisa lingeishia hapo, sanaa yake ingekuwa ya kutisha tu.

Haikuishia hapo. Katika ubavu huohuo pana dirisha la matendo ya huruma. Mzee mwenye ndevu anawalisha wenye njaa, anawanywesha wenye kiu, anawakaribisha wageni, anawavisha walio uchi, anawazuru wagonjwa na wafungwa. Mtu huyohuyo hurudi katika kila picha, na wengi wamemdhania kuwa Nicholas Blackburn, mfanyabiashara aliyekuwa meya wa York mwaka 1412. Hapa hakuna nyota zinazoanguka; pana mkate, jagi na mlango uliofunguliwa.

Madirisha haya mawili yastahili kuhakikiwa pamoja. La kwanza lina fahari ya ubunifu, lakini humwacha mtu akitetemeka bila kazi ya kufanya. La pili ni tulivu, na likitazamwa peke yake laweza kuonekana la kawaida. Yakikaribiana, moja huuliza na jingine hujibu, na jibu lenyewe limo katika uwezo wa mtu yeyote mwenye kipande cha mkate.