Ala Nayo Isifiwe

Upanga umesifiwa sana katika ushairi wa Kiswahili: makali yake, mng'aro wake, mkono ulioushika. Ala hutajwa kwa nadra, aghalabu pale upanga unapochomolewa. Mti ulioichongea ala hiyo hutajwa kwa nadra zaidi. Hata jambia la Kiomani, ambalo ala yake ina mti ndani, huwapa watazamaji ngozi na nyuzi za fedha tu.

Wajava hutazama vingine. Kwao mhunzi wa kerisi, jambia lao la jadi, huitwa empu. Na fundi wa ala ana jina lake mwenyewe, mranggi. Fundi huyo huuchagua msandali kwa harufu yake, au timoho kwa mabaka meusi ambayo hayakuchorwa na mtu. Mabaka hayo yana majina na maana, na mjuzi huyasoma kama asomavyo beti.

Jicho la namna hiyo lingefaa pia Ufipa. Katika nyanda zilizo juu ya Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika, wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizojivutia upepo bila mivukuto. Sifa zimekwenda kwa tanuri na kwa chuma. Lakini tanuri ililishwa makaa, na makaa ni mti. Jembe na shoka, vilipokwisha kufuliwa, vilirudi kwa mti kuomba mpini.

Asili ya upungufu huu ni kwamba husifiwa kile kinachodumu, na mti huoza. Si mbali na Kasanga, kwenye maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Tanzania na Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, yenye umri wa miaka ipatayo 476,000. Udongo uliolowa maji ndio uliyahifadhi. Mikono ilikuwa ikichonga mti kabla chuma hakijajulikana.

Kwa hiyo mhakiki anayeandika "ala ya mti" na kunyamaza ameandika nusu. Aseme ni mti gani, na kwa nini fundi aliuchagua huo akauacha mwingine. Malungu yalizimika katika karne ya 20. Majina ya Kifipa ya miti iliyoyalisha hayakuhifadhiwa na maji. Yasipoandikwa, yatapotea pamoja na wanaoyajua.