Mota ya Wati 2,000, kwa Muda Gani?

Mota ya gari la rimoti inatosha kiganjani, lakini pakiti yake huweza kuandikwa wati 2,000. Mota ya mashine ya kusaga huko Muleba, yenye kibao cha kilowati 7.5, yaani hospawa 10, haibebwi na mtu mmoja kwa raha. Ukifuata namba tu, kile kidude kina zaidi ya robo ya nguvu ya mashine inayosaga mahindi kutwa. Namba hizo zimepatikanaje?

Tuanze na mashine. Kilowati 7.5 ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Kwa fezi tatu na volti 400, mota hiyo huvuta ampea kama 15. Umeme unaoingia ni kilowati 8.6 hivi, na tofauti yake hugeuka joto. Pembeni ya kibao kuna alama S1: mota inaweza kubeba mzigo huo mfululizo bila koili kuungua. Mafundi wa kusuka mota wanajua kinachotokea mzigo ukizidi hapo.

Viwango vya kimataifa vya mota, IEC 60034-1, huchukulia hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,135 hivi, kwa hiyo Bukoba na Muleba nzima zimepita mpaka huo. Hewa nyepesi hupoza kidogo, lakini ubaridi wa Kagera hufidia upungufu huo, na mashine husaga kama kawaida.

Sasa gari la rimoti. Betri ya lithiamu ya seli mbili ina volti 7.4. Ili kupata wati 2,000 inabidi itoe ampea 270, na betri ya mAh 5,000 ingeisha kwa sekunde 67. Basi namba ya pakiti ama imepimwa kwa betri ya volti nyingi zaidi, ama ni kilele cha sekunde chache. Mara nyingi pia ni umeme unaoingia, si nguvu inayofika kwenye magurudumu.

Alama ya KV nayo si kilovolti wala nguvu. Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo: KV 3,300 kwa volti 7.4 ni mizunguko 24,420. Mota mbili za umbo moja zenye KV tofauti hukaribiana nguvu, maana kinachozifunga zote ni joto.

Na gari linahitaji kiasi gani? Gari la kilo 2 likipanda mlima wa asilimia 10 kwa kilomita 36 kwa saa, linatumia wati 20 tu kushinda uzito wake. Ongeza msuguano na upepo, kwenye lami hazifiki 100. Wati nyingi zinahitajika pale gari linapochomoka, kwa sekunde moja au mbili.

Kwa hiyo unaponunua, uliza mambo matatu: volti ngapi, ampea ngapi, kwa muda gani. Ukishaendesha dakika tano, pima joto la mota. Likikaribia nyuzi 80, simamisha gari, kisha funga gia ndogo yenye meno machache zaidi, kwa kuwa joto likizidi sumaku hupoteza nguvu na hairudi tena.