Kamusi na Mchota Maji: Lugha ya Wasantali katika "Draupadi" ya Mahasweta Devi

Hadithi fupi "Draupadi" ya Mahasweta Devi (1926–2016) ilitoka kwa Kibengali katika mkusanyo uitwao Agnigarbha, mwaka 1978. Mwaka 1981 Gayatri Chakravorty Spivak aliichapisha kwa Kiingereza, na tangu hapo imesomwa katika vyuo vikuu vya mabara yote. Wahakiki wengi wameitazama kama hadithi ya mwanamke anayekabiliana na dola. Mtazamo huo ni sahihi, ila umeliacha pembeni suala ambalo hadithi yenyewe inaliweka mbele tangu ukurasa wa kwanza, yaani suala la lugha.

Kisa kinatokana na uasi wa wakulima ulioanza Naxalbari, katika jimbo la Bengali ya Magharibi nchini India, mwaka 1967. Jeshi linamwinda Dopdi Mejhen, mwanamke wa kabila la Wasantali. Mgogoro unaanzia katika jina lake. Kwenye orodha ya serikali ameandikwa Draupadi, jina la malkia katika utenzi wa Mahabharata, alilopewa na mke wa tajiri ambaye mama yake alikuwa akimtwangia mpunga. Watu wake humwita Dopdi. Askari wawili wanabishana kuhusu jina hilo kabla msomaji hajamwona mwenye jina.

Hata hivyo, tukio linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kifo cha mumewe, Dulna. Anapigwa risasi akiwa amelala kifudifudi akinywa maji, naye anakata roho akitamka neno ambalo jeshi halilielewi. Wataalamu wawili wa makabila wanaletwa kwa ndege kutoka Calcutta. Wanatokwa jasho juu ya kamusi zao bila mafanikio. Mwishowe anaitwa Chamru, mchota maji wa kambi. Anawacheka mabwana hao, anajikuna sikio, kisha anaeleza papo hapo kwamba hicho ni kilio cha vita cha Wasantali wa Maldah.

Kichekesho hiki kina hoja nzito. Kisantali hakikukosa vitabu vya kukieleza: kamusi ya mmisionari P. O. Bodding kutoka Norwe, yenye juzuu tano, ilikamilika mwaka 1936. Kilichowashinda wataalamu ni kwamba walilitenga neno na historia ya wale waliolitamka. Tena walikuwa wakilitafuta ili kuwasaidia wawindaji. Ofisa Senanayak naye ni msomi anayejitahidi kuwafahamu maadui zake ili awaangamize vizuri zaidi. Kwa hiyo mwandishi anauliza maarifa juu ya lugha ya wanyonge hukusanywa kwa faida ya nani.

Je, hadithi yenyewe imesalimika na swali hilo? Si kabisa. Chamru akishatoa maana ya neno, kazi yake katika kisa imekwisha. Dopdi anapokamatwa anaugeukia msitu na kupaza ukelele usio na maneno. Na mwishoni, baada ya askari kumdhulumu usiku kucha, anakataa kuvaa nguo na kumkabili ofisa kwa neno la Kiingereza ambalo wanajeshi wenyewe hulitumia wanapotaja mauaji yao. Ushujaa wake unamtisha Senanayak, lakini Kisantali kimebaki kuwa sauti tu inayosikika kwa mbali ndani ya Kibengali. Mahasweta Devi aliujua upungufu wa aina hiyo. Tangu mwaka 1980 alihariri jarida la Bortika, ambamo wakulima na watu wa makabila waliandika habari zao wenyewe. Hata hapo, lugha ya jarida ilikuwa Kibengali.

Hapo ndipo utafiti wa fasihi ya Asia ya Kusini unapopaswa kujikosoa. Kisantali si lugha isiyo na maandishi. Mwaka 1925 Raghunath Murmu alibuni hati ya Ol Chiki, na yeye mwenyewe alitunga tamthilia Bidu Chandan. Mwaka 2003 lugha hiyo iliingizwa katika Jedwali la Nane la Katiba ya India, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji zaidi ya milioni 7. Akademia ya fasihi ya taifa, Sahitya Akademi, hutoa tuzo kwa vitabu vyake. Ni kweli kwamba wasomaji wake wametawanyika baina ya hati ya Ol Chiki, ya Kirumi, ya Kibengali, ya Kidevanagari na ya Kioriya, hata kitabu cha jimbo moja huweza kumshinda msomaji wa jimbo jirani. Ugumu huo ni sababu ya kuongeza juhudi, wala si udhuru wa kuwasoma Wasantali kupitia tafsiri ya Kiingereza ya hadithi ya Kibengali.

Mtafiti anayeridhika na njia hiyo amekaa pamoja na wale wawili kutoka Calcutta. "Draupadi" ni kazi kubwa kwa kuwa inamwonyesha kiti chake. Kuisoma kwa haki ni kuiweka kando ya kazi zilizotungwa kwa Kisantali na kuwauliza wenye lugha kabla ya kuiuliza kamusi. Wajibu huo unaihusu kila lugha kubwa inayosimulia habari za lugha ndogo, Kiswahili kikiwa mojawapo.