Mkasi wa Buksi, Sepetu la Mwanzi

Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Domitius Apollinaris, karibu miaka 1,900 iliyopita, mwandishi Mroma Pliny Mdogo alieleza bustani ya nyumba yake ya Tuscany, Italia. Humo kulikuwa na vichaka vya buksi vilivyokatwa vikawa wanyama wanaotazamana, na vingine vilivyokatwa vikawa herufi. Mahali pengine herufi hizo zilitaja jina la mwenye nyumba. Mahali pengine, jina la fundi aliyezikata. Katika Roma ya wakati ule, ambako watunza bustani wengi walikuwa watumwa, hilo si jambo dogo. Jina la mfanyakazi liliandikwa kwa majani mabichi, na kila mgeni aliyepita alilisoma.

Kati ya mimea yote ya bustani, buksi ndiyo iliyostahili kuandikiwa jina. Majani yake ni madogo, mazito, ya kijani iliyokolea, na hayapukutiki baridi ijapo. Hukua taratibu mno. Ile fupi inayopandwa kingoni mwa matuta huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka. Mbao yake ni nzito hata huzama majini, na juu ya mbao hiyo Mwingereza Thomas Bewick alichonga picha zake maarufu za ndege kwa patasi ndogo mwishoni mwa karne ya 18. Kila ncha ikikatwa, macho yaliyolala chini yake huamka na kutoa vijitawi viwili au vitatu badala ya kimoja. Kwa hiyo kichaka kinachokatwa kila mwaka hakipungui, bali hushikamana, mpaka kidole hakipenyi.

Fundi wa buksi huchagua siku ya mawingu, kwa sababu jani lililokatwa nusu likipigwa na jua kali hubabuka, na ukingo wa kahawia hubaki ukionekana hadi machipukizi mapya yaufunike. Uingereza kuna desturi ya kungoja mbio za farasi za Derby, mwanzoni mwa Juni, zipite kwanza. Wakati huo baridi ya usiku inayounguza machipukizi imekwisha. Fundi hutandika turubai, hufunga kamba toka kigingi hadi kigingi, husimamisha timazi, kisha hukata kidogo na kurudi nyuma kutazama. Ua uliokatwa vizuri hausimami wima kabisa. Kitako chake ni kipana kuliko kichwa, ili mwanga ufike chini na majani ya chini yasife. Mgeni hauoni mteremko huo mdogo, ila huona kwamba ua umejaa majani mpaka ardhini. Msomaji aliyelelewa Moshi au Limuru, kwenye nyumba yenye ua wa michongoma, ameiona kazi hiyohiyo ikifanywa kwa panga lililonolewa asubuhi.

Anayetaka kuona ufundi huu umefika wapi aende Villandry, katika bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Mwaka 1906 kasri la hapo lilinunuliwa na Joachim Carvallo, daktari Mhispania, pamoja na mkewe Mmarekani, Ann Coleman. Carvallo aliacha utafiti wake wa sayansi, akaifufua bustani kwa namna ya karne ya 16. Sehemu inayoitwa Bustani ya Mapenzi ina miraba minne ya buksi. Mapenzi ya upole yana mioyo na ndimi za moto. Mapenzi ya shauku yana mioyo iliyovunjika na kusukwa kama watu wanaocheza dansi. Ya kigeugeu yana vipepeo vya mkononi na barua. Ya msiba yana visu na panga. Yote hayo ni mmea mmoja na mkasi. Akisimama juu kwenye baraza la kasri, mtu huona mistari imenyooka na pembe zimekaa sawa, lakini kila mstari ni vichaka hai, kila kimoja na tabia yake, vinavyotaka kurudi porini kila majira ya machipuko.

Buksi haikupendwa na wote. Malkia Anne wa Uingereza aliing'oa katika bustani za Hampton Court mwanzoni mwa karne ya 18 kwa kuchukia harufu yake. Lakini adui mkubwa zaidi amekuja karne hii. Mwaka 2007 nondo wa Asia Mashariki, Cydalima perspectalis, alionekana kusini-magharibi mwa Ujerumani. Viwavi wake hula majani yote, kisha hugeukia gome. Kabla yake, tangu miaka ya 1990, kulikuwa kumeingia kuvu inayokausha majani na kusambaa kwa unyevu na kwa mikasi isiyosafishwa. Huko Vaux-le-Vicomte nchini Ufaransa, bustani ambayo fundi André Le Nôtre alimtengenezea waziri wa fedha Nicolas Fouquet kabla fundi huyo hajaitwa kwenda kufanya kazi Versailles, mapambo ya buksi yaliyopandwa upya mwaka 1923 yaling'olewa mwaka 2019, na mahali pake pakawekwa utepe wa alumini uliobuniwa na Patrick Hourcade. Utepe huo unameta vizuri. Hata hivyo, alumini haikui, na mstari usiokua haumhitaji fundi arudi kuutazama mwakani.

Hapo ndipo wengi huugeukia mwanzi, wakiambiwa kwamba ni kijani mwaka mzima na haudai kazi. Sehemu ya kwanza ni kweli, ingawa majani ya mwanzi nayo huanguka: mianzi mingi ya Japani hubadilisha majani yake majira ya machipuko, ya kale yakidondoka huku mapya yakitoka, hivyo msitu haubaki uchi hata siku moja. Sehemu ya pili si kweli hata kidogo.

Mwanzi ni nyasi, na chipukizi lake hutoka ardhini likiwa na unene wake wote wa maisha. Aina kubwa zikipata mvua na joto zinaweza kupanda karibu mita moja kwa siku, na kwa miezi michache shina limefika kimo chake cha mwisho. Mkasi unaosubiri mwaka mzima hauna la kufanya hapo. Kazi ya mtunza mwanzi iko chini, kwenye mashina yanayotambaa gizani na kuibukia kwa jirani. Huchimba mfereji kuzunguka kichaka, na mara moja au mbili kwa mwaka hupita na sepetu kali akikata kila shina lililovuka. Wengine huzika ukuta wa plastiki nene wenye kina cha zaidi ya nusu mita, wakiacha ukingo wake juu ya udongo ili shina linalopanda kuuruka lionekane. Huu ni ufundi ambao ukifanywa barabara hauachi alama yoyote.

Juu ya ardhi kazi ni kupunguza. Japani kuna kipimo cha zamani: mtu aweze kupita kati ya mianzi akiwa amefungua mwavuli. Wakulima wa machipukizi ya mianzi magharibi mwa Kyoto huandika mwaka wa kuzaliwa juu ya shina lenyewe, na likifika miaka sita au saba huliangusha ili vijana wapate mwanga. Majira ya baridi hutandika majani makavu na udongo mpya juu ya mashamba yao. Shina hukatwa juu kidogo tu ya kifundo, maana kikombe kinachobaki kikiwa na nafasi hujaa maji, na maji hayo huzaa mbu. Tangu machipukizi ya bei nafuu yaanze kuletwa kutoka China na plastiki ichukue nafasi ya vikapu, mashamba mengi yameachwa, na mianzi imeingia misituni na kuifunika miti mingine.

Ulaya nayo ina shule yake ya mwanzi. Karibu na Anduze, kusini mwa Ufaransa, Eugène Mazel alianza kupanda mianzi mwaka 1856, na leo ipo inayopita mita 20. Hata nyumbani, wagema wa Iringa na Njombe, wanaotoa ulanzi, pombe ya mwanzi, wanajua kwamba mwanzi una saa yake: msimu wa mvua hukata ncha ya chipukizi changa, na hurudi kulikata tena kila siku ili utomvu uendelee kudondoka.

Nani bora basi? Kwa njia nyembamba, kwa tuta la mboga, kwa mtu apendaye kuona mpaka wake, buksi haina mpinzani, mradi awe tayari kukagua viwavi kila wiki wakati wa joto. Kwa kuficha ukuta mbaya kwa haraka, kwa sauti ya upepo, mwanzi huishinda buksi. Anayepanda mwanzi bila mfereji, hata hivyo, anamkosea jirani yake, na hilo linafaa kusemwa waziwazi kwenye kila duka la miche.

Mwaka 1907 mkusanyaji wa mimea Ernest Wilson alichimba katika jimbo la Hubei, China, mwanzi mmoja usiotambaa. Aliupeleka Boston, na mwaka 1913 kipande chake kikafika bustani ya mimea ya Kew, London. Ukapewa jina la binti wa Wilson, Muriel: Fargesia murielae. Mianzi yote ya aina hiyo iliyojaa Ulaya ilitokana na kugawanya kichaka hicho kimoja. Kuanzia miaka ya 1970 huko Denmark, kisha kwa wingi miaka ya 1990, ilichanua na kufa. Watunza bustani waliokota mbegu, wakaotesha, wakachambua mche mmoja mmoja. Kati ya iliyochaguliwa upo mfupi, mnene wa majani, unaouzwa kwa bustani ndogo kwa jina la Simba. Hauhitaji ukuta wa plastiki chini ya ardhi. Unaweza kufanywa ua wa kimo cha kiuno, na huo ua hukatwa kwa mkasi.