Kidole cha Mvuvi wa Mshipi

Bahari ya Pemba husifiwa kwa pepo zake mbili kubwa, kaskazi na kusi, zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha. Mvuvi wa mshipi huzishukuru zikiwa zimeondoka. Msimu wake ni tanga mbili, pale kusi inapochoka na kaskazi haijashika, mwezi wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Asubuhi hizo matlai hupuliza kwa upole kutoka mashariki, bahari hulala, na hata ngalawa kongwe iliyojaa viraka huthubutu kutoka.

Wazee hawakuufikia msimu huu kwa kubahatisha. Mwaka wa bahari kwao huanza Nairuzi, siku ambayo watu wa Makunduchi, kule Unguja, huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Kuanzia hapo siku huhesabiwa kwa makumi, kila kumi ni mwongo mmoja. Mwongo wa kumi ukitimia, tuko ukingoni mwa Oktoba. Hesabu hiyo hufuata jua, ndiyo maana iliwafaa wakulima na mabaharia. Miezi ya Hijria, inayozunguka majira yote, isingeweza kuwaambia lini kusi itakata. Nimewaona vijana wakiitazama hali ya hewa kwenye simu, jambo jema, lakini nimemwona pia mzee aliyekaa kibarazani akiutaja mwongo na akasema wiki moja kabla kwamba pepo zitalegea. Zikalegea.

Na ndani ya msimu huo, si kila asubuhi inafaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4, na maji yote hayo yakipita baina ya visiwa huburura kila kitu. Mshipi huenda mshazari, chubwi halitulii chini, na mvuvi hubaki ameshika uzi usiomwambia neno. Bamvua ni ya wanaochokoa pweza na ya kina mama wanaotanda mwambani maji yakitoka. Mshipi hutaka maji mafu, mwezi saba hivi na mwezi ishirini na moja. Siku hizo maji hujaa mnamo saa nne asubuhi. Anayetoka baada ya swala ya alfajiri huvua maji yakipanda taratibu, na yanaposimama kabla ya kugeuka, kuna muda mfupi ambao mshipi hushuka wima kama timazi. Mvuvi anayejua kazi yake huipanga safari nzima kwa ajili ya muda huo.

Nizungumzie njia ya Wesha, magharibi ya Chake Chake, maana ndiyo niijuayo. Chombo ni ngalawa ya gogo la mwembe, na ndani yake mna nanga ya jiwe, upo wa kukumbia maji, chambo cha ngisi na dagaa, na chupa tupu zilizozungushiwa nailoni. Vifaa vyote hivi mtu mmoja anavibeba kwa mkono. Matlai hukisukuma chombo kutoka hori, Kilimia kimekwisha elekea magharibi, na mbele ni Misali, kisiwa kidogo kilicho kilomita kama 10 kutoka Pemba.

Hapa lazima niseme kwa nini bahari hii ina ufundi wake peke yake. Unguja na Mafia vimekaa juu ya ukingo wa bara. Maji yaliyo kati ya Unguja na Bagamoyo hayafiki kina cha mita 100. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mita 800 hivi. Kwa hiyo mvuvi wa Misali anafanya kazi ukingoni mwa shimo. Huku ana matumbawe ya pima chache, kule kilindi cheusi, na mapigo machache ya kafi yanatosha kumkosesha kila kitu. Maji ya mkondo nayo huelekea kaskazini mwaka mzima, kusi ikiyaongezea kasi na kaskazi ikiyapunguza. Samaki hukusanyika kwenye ukingo huo kwa sababu chakula hupanda kutoka chini. Tatizo ni kuupata ukingo wenyewe, nao hauonekani.

Huupata kwa alama. Mvuvi hulinganisha vitu viwili vya nchi kavu, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, mpaka vikae mstari mmoja. Kisha hugeuza shingo akalinganisha viwili vingine upande wa pili. Mistari ikikutana, mwamba uko chini yake. Ncha ya Ras Mkumbuu ni alama nzuri. Mnazi uliopinda ni alama, paa la msikiti ni alama, pengo kati ya vilima viwili vya mikarafuu ni alama. Kisha nanga hutupwa juu ya mkondo, mbali kidogo na mwamba, ili chombo kikirudi nyuma kwa urefu wa kamba kisimame pale panapotakiwa. Kifaa cha setilaiti kinaweza kukufikisha mahali, wala sikidharau. Lakini hakijui kamba yako ina urefu gani wala maji ya asubuhi hii yanavuta vipi. Hilo hukadiriwa kwa jicho, na ukikosea unaing'oa nanga na kuanza upya huku jua linapanda.

Sasa mshipi. Huteremshwa kwa mkono mmoja na kupitishwa juu ya kidole cha shahada, na kuanzia hapo macho hayana kazi. Chubwi likifika chini, kidole hujua limetua juu ya nini. Mchanga hulipokea bila sauti. Jiwe hulirudisha kwa mshtuko mdogo mkavu. Nyasi za bahari hulishika kidogo kabla ya kuliachia. Mvuvi huliinua kiasi cha shubiri mbili ili ndoana isikwame, akangoja. Mjomba aliyenifundisha alikuwa akifumba macho kabisa katika kungoja huko. Nilipouvuta mshipi kwa pupa alisema, "Wacha, mwanangu. Huyo bado anauliza."

Na kila samaki huuliza kwa namna yake. Changu hudonoa mara mbili tatu upesi upesi kisha hukimbia, na ukichelewa amekwenda na chambo. Kikande ana mdomo mdogo wenye meno makali. Hukwangua chambo kidogo kidogo hata ukainua ndoana iliyo safi, na pengine huukata uzi wenyewe. Chewa hana papara. Utasikia uzito, mfano wa ndoana iliyokwama, halafu uzito huo unaondoka kuelekea shimoni mwake. Hapo ndipo mvuvi anapojulikana, kwa sababu kuna nukta chache za kumzuia. Akishaingia chini ya jiwe na kutanua matamvua yake, hakuna mkono utakaomtoa. Kolekole huvuta kwa mwendo wa mbio ndefu na nailoni huukata mkono usio na sugu. Tasi ni mla mwani, hajali ngisi wako. Huyo mwachie mwenye dema, mtego wa kikapu.

Kisha yupo hongwe. Wavuvi wa ziwani, wa Mwanza na wa Kisumu, wana kambare wao mwenye ndevu. Ndugu yake wa baharini kwetu ni hongwe, anayekaa kwenye tope la midomo ya hori, pale maji ya mikoko yanapokutana na bahari. Wengi hawamtaki. Nataka kumtetea. Ni kweli ana mwiba wa mgongoni na miwili ya mbavuni, yenye meno ya msumeno na sumu inayouma saa nzima na zaidi; aliyechomwa hutumbukiza mkono katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, na maumivu hupungua. Mvuvi mzoefu humlaza kwanza, akaivunja miiba kwa kipande cha mti, ndipo akaishughulikia ndoana. Akitolewa majini hukoroma. Lakini dume la hongwe hufanya jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua: huyabeba mayai kinywani mwake wiki kadhaa, makubwa, ya mviringo, hali chakula, mpaka vitoto viweze kuogelea. Na kwa kuwa hali chakula, ni nadra ndoana kumpata. Mshipi humpita bila kumdhuru. Juya likija humzoa yeye pamoja na kizazi kilichomo kinywani.

Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kuu ya mshipi. Ni uvuvi unaohitaji samaki aje mwenyewe, mmoja baada ya mmoja, na unaompa mvuvi nafasi ya kuamua juu ya kila mmoja. Ndoana kubwa haimshiki mtoto. Aliyenaswa akiwa mdogo hurudishwa angali hai. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Mwamba uliotolewa wakubwa wote hubaki hauna madume, na mvuvi mwenye kidole huweza kumwachia mmoja aende. Juya la kigumi, lile linalozungushwa huku watu wakiupigapiga mwamba kwa miti ili samaki watoke mafichoni, haliwezi kufanya uamuzi kama huo, na matumbawe linayoyavunja yamechukua miaka mingi kukua. Baruti ni mbaya zaidi, na utupa unaotiwa vidimbwini huua hata wasioliwa. Sitafuti maneno laini kwa mambo haya. Ni wizi unaofanyiwa watoto wetu.

Wala uvuvi huu wa kungoja si fikra mpya iliyoletwa na miradi ya hifadhi. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 kilichoandikwa kwa Kigiriki, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinakitaja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii, ambacho wataalamu wengine hukiona ni Pemba na wengine Unguja au Mafia. Kinasema watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo, na kwamba walitega vikapu katika milango ya hori badala ya nyavu. Dema, basi, lina umri wa karibu miaka 2,000 katika maandishi, na mtumbwi wa gogo vilevile. Dema na mshipi ni ndugu: vyote viwili hungoja. Huko Tumbe, ambako leo pana soko kubwa la samaki kaskazini mwa kisiwa, palikuwa na kijiji kikubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10. Bahari iliyowalisha watu muda wote huo haikulindwa na askari wa doria. Ililindwa na aina ya vifaa.

Leo askari wanahitajika, na sheria pia. Misali ilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na sehemu ya maji yake ya magharibi ikafungwa, asivue mtu. Mwaka 2005 hifadhi ya Mkondo wa Pemba ikaenea pwani yote ya magharibi ya kisiwa. Misali ilikuwa na heshima yake kabla ya hapo, kwa kuwa wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alisali pale, na mwishoni mwa miaka ya 1990 masheikh walizungumza na wavuvi juu ya amana ya viumbe kwa aya na hadithi wanazozijua. Nadhani mazungumzo hayo yalifika mbali kuliko mabango. Mvuvi anayefumba macho akimngoja samaki aje kwa riziki yake haoni ugeni katika neno amana.

Sitaki kuufanya umaskini uwe mapambo. Kazi ya mshipi hulipa kidogo, huchubua vidole, na kuna asubuhi ngalawa hurudi na hongwe wawili na changu mmoja. Vijana wengi wa Kojani huacha maji ya nyumbani wakaenda dago, miezi kwa miezi, Tanga na pwani ya Kenya, kwa sababu wana watu wa kulisha. Siwalaumu. Lakini mtazame mvuvi wa mshipi anapofika dikoni saa sita, jua kali, tanga limekunjwa. Wanaomsaidia kupandisha chombo hupata kitoweo kabla ya mnada kufunguliwa. Mama mjane aliyetuma mtoto na kikapu hupata. Samaki wake hawajapondeka wavuni. Macho yao yangali maangavu, magamba kamili, na mchuuzi anayejua humpandishia bei bila kuombwa.

Elimu hii yote haikuandikwa popote. Alama za mwamba hufa na mzee aliyezishika, na baadhi hufa kabla yake, mnazi ukianguka au ghorofa likijengwa mbele ya kilima. Kwa hiyo nina maombi mawili kwa msomaji wa Pemba. Ikiwa una baba, mjomba au babu aliyevua mshipi, kaa naye tanga mbili hii, uandike alama zake, mwongo wake na majina ya miamba yake, na ukiweza utoke naye asubuhi moja ya maji mafu. Na ukiwa dikoni na pesa mkononi, uwe Wesha, Tumbe au Mkoani, muulize muuzaji samaki huyu kavuliwa kwa kifaa gani. Akisema mshipi, nunua huyo, hata akizidi shilingi mia chache.