Kuskani na Kuchanganua: Tahakiki Fupi ya Istilahi za Kunakili Hati

Suala la istilahi limewashughulisha wanaisimu wa Kiswahili tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930. Mara nyingi mjadala huwa juu ya asili ya neno: je, ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: je, neno lamweleza mtumiaji kwa usahihi kazi inayotendeka?

Tuchukue mfano wa Eastleigh, Nairobi, mtaa ambao wakazi wake wengi huuita Islii. Katika vibanda vya fotokopi na kompyuta, mteja hutoa kitambulisho au cheti akasema, "Niskanie hii." Lakini simu yake, ikiwa imewekwa kwa Kiswahili, humwambia "changanua". Haya ni maneno mawili kwa tendo moja, na hatuna budi kuyapima.

Kimuundo, skani halina kasoro. Mfuatano wa sk tunao katika skuli na skrubu. Irabu yake ya mwisho yaliingiza katika kundi la fikiri na safiri, nalo lanyambulika bila taabu: skania, skaniwa, skanisha. Wanaolidharau kwa ugeni wake wakumbuke kwamba fikiri na safiri nayo yalitoka Kiarabu.

Changanua lina sura ya Kibantu, lakini maana yake ndiyo yenye tatizo. Ni kinyume cha changanya: kutenga vilivyochanganyika, na hivyo kupambanua. Mhakiki huchanganua shairi. Mwanaisimu huchanganua sentensi. Mashine haifanyi hivyo. Hupitisha mwanga juu ya karatasi, hupima mwanga unaorudi, kisha huhifadhi vipimo hivyo nukta kwa nukta. Nukta hizo ndizo pikseli. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa kila inchi hutoa pikseli takriban 2,480 kwa 3,508, yaani zaidi ya milioni 8. Kinachopatikana ni picha ya maandishi, si maandishi yenyewe.

Mtu akiambiwa cheti chake kimechanganuliwa, ana haki ya kudhani kwamba kimesomwa, na kwamba jina lake laweza kutafutwa ndani ya faili. Sivyo. Kusoma ni hatua nyingine, ambapo programu hutambua maumbo ya herufi na kuyageuza kuwa matini. Hapo ndipo sifuri huweza kusomwa kuwa O. Katika mtaa ambamo jina moja huandikwa Mohamed, Mohammed au Maxamed, na cheti ni ufunguo wa pasipoti na wa leseni ya biashara, herufi moja si jambo dogo. Anayejua kwamba mashine imesoma atajua pia kwamba inambidi kuisahihisha.

Kwa hiyo tunapendekeza skani kwa hatua ya kwanza, na changanua libakizwe kwa ya pili, inayolistahili. Kiwango cha nukta kwa inchi tukiite ubainifu. Anayefuata kamusi ya Kiingereza bila kutazama kazi yenyewe aweza kukiita azimio, na msomaji akadhani anaelezwa habari za Arusha mwaka 1967.

Mchuuzi wa Islii hakuhudhuria semina yoyote ya istilahi; hata hivyo, katika jambo hili neno lake limeshinda la wafasiri kwa usahihi. Ni wajibu wetu kumsikiliza kabla ya kumsahihisha.