Mganda wa Mbinga: Ngoma ya Asili au Mtindo wa Vijana?

Liko neno moja litamkwalo siku hizi na kila azungumzaye habari za ngoma zetu, nalo ni neno asili. Twasikia ngoma za asili, mavazi ya asili, nyimbo za asili. Wenye kulitumia wana nia njema, kwani hutaka kuvipa heshima vitu vilivyodharauliwa wakati wa ukoloni. Walakini neno jema likiwekwa mahali pasipo pake laweza kudhuru. Kusudi la makala haya ni kuonyesha dhara hiyo kwa mfano wa ngoma moja, mganda, ichezwayo na Wamatengo katika milima ya Mbinga na Wanyasa katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa, toka Lituhi, kupita Liuli, hata Mbamba Bay.

Msomaji asiyepata kuiona aifikirie hivi. Wanaume wamejipanga safu, wamevaa mashati meupe na kaptura nyeupe, soksi zimevutwa hata magotini. Ngoma kubwa yatoa amri. Malipenga, yaani vibuyu vilivyotiwa utando mwembamba wa buibui, huigeuza sauti ya mwimbaji ikafanana na tarumbeta ya shaba. Safu huenda mbele, hurudi, hugeuka, kwa hatua ndogo zilizopimwa. Uzuri wa mchezaji ni unadhifu wake na utulivu wake, wala si nguvu za kuruka. Kikundi kina vyeo vyake, vilivyochukuliwa jeshini na serikalini. Na ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Malawi, kikundi chenyewe huitwa boma, neno lile lile lililokuwa jina la ofisi ya mtawala wa wilaya. Wanawake nao wana kioda, yenye sare na safu zake. Vijiji hualikana na kushindana, aghalabu wakati wa kiangazi.

Tarikhi ya mambo haya yajulikana vya kutosha. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alifuata nyayo za beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, na ambayo jina lake ni neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki lililovikwa matamshi ya Kiswahili. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza bara pamoja na askari na wapagazi. Vita hivyo havikuwa mbali na ufuko huu, kwa maana mnamo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli, palipoitwa wakati huo Sphinxhafen. Mganda ni katika jamaa ya beni hiyo. Ni kazi ya kizazi kilicholiona gwaride, kikalipenda, kikalikata upya kwa kipimo chake. Basi ulipozaliwa, mganda haukuwa asili ya mtu yeyote. Ulikuwa fasheni ya vijana, na jamaa zake wa beni walitiliwa shaka na watawala na kulalamikiwa na wamisionari, kama zilivyolalamikiwa fasheni zote zilizofuata.

Sasa na tutazame yaliyotokea baada ya Uhuru. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba wengi wa waliosoma walijua dansi za kigeni na hawakujua ngoma za kwao. Masikitiko hayo yalikuwa na haki. Miaka sita baadaye, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana zikapigwa vita katika Dar es Salaam kwa kuwa ni mambo ya kigeni. Kwa kipimo hicho, kaptura na soksi za mganda zingalistahili hukumu ile ile, maana zilitoka katika jeshi la mkoloni mwenyewe. Badala yake mganda umehesabiwa miongoni mwa ngoma za asili. Tofauti iliyopo baina ya kaptura ya mganda na suruali ya kubana ni miaka hamsini tu.

Sisemi haya ili kuuvua mganda heshima yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wamatengo na Wanyasa waliazima nguo, nayo ikawasitiri, kwa sababu hawakuivaa kama walivyoikuta. J. Clyde Mitchell, alipoandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, aliyaona mavazi ya wachezaji kuwa dalili ya kutamani hadhi iliyoshikwa na Wazungu. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Hayasemi kwa nini safu hii yapendeza kuliko ile, wala kwa nini kikundi kimoja chashinda na kingine chashindwa, hali wote wamevaa sawasawa. Penye mashindano pana kipimo, na penye kipimo pana sanaa.

Hapo ndipo ilipo dhara ya neno asili. Kitu kikishaitwa asili, kazi yetu kwacho huwa ni kukihifadhi, na kitu cha kuhifadhiwa hakikosolewi. Katika sherehe nyingi twaona kikundi cha ngoma kikipewa dakika chache kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Watu hupiga makofi, wala hakuna aulizaye kama kimecheza vizuri au vibaya. Ngoma iliyoishi kwa kushindana yageuzwa pambo la mkutano. Kijana naye huambiwa kwamba huo ni urithi wa babu yake, asiutie mkono kuubadili, hali babu yake aliupata kwa kubadili. Haistaajabishi kwamba Stephen Hill, alipoandika juu ya muziki wa Wamatengo, aliona inafaa kuuliza kama mganda umekufa.

Lugha yenyewe yatupa ushahidi wa njia iliyo bora. Kijana wa leo husema kwamba msanii fulani ametoa ngoma mpya, akikusudia wimbo uliorekodiwa studio, ambao pengine hauna hata ngozi moja iliyowambwa. Wako wanaokasirika wakidai neno limeharibiwa. Halikuharibiwa. Ngoma ni chombo, ni mchezo, tena ni kusanyiko la wachezao. Sasa limechipuza tawi la nne. Bendi za dansi zilikwisha kutangulia: NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilijulikana kwa mtindo wa msondo, na Mlimani Park, iliyoundwa 1978, kwa mtindo wa sikinde, na majina yote mawili yalitoka katika ngoma za watu wa Pwani. Neno lililotumika hapo lilikuwa mtindo, na neno hilo lafaa zaidi kwa mganda kuliko asili, kwa sababu ndani yake mna mtu atungaye, mwenzake amwigaye na kumshinda, na wakati unaopita.

Pengine ataulizwa mwandishi: je, bongo fleva si mganda wa leo, na walalamikao si wajukuu wa waliolalamika zamani? Kwa nusu moja ndivyo. Kofia na mkato wa nywele wa msanii wa Dar es Salaam, viigwavyo na kijana wa Mbinga, si vya kigeni kwake kuliko soksi zile ndefu zilivyokuwa kwa babu yake. Lakini iko nusu ya pili. Bingwa wa mganda alitoka kijiji cha jirani. Akiimba uongo alijibiwa kwa wimbo kiangazi kilichofuata, na aliyemwiga alisimama naye uwanjani, safu kwa safu. Msanii afikaye kwa redio na simu hajibiwi na mtu wa Liuli. Kijana aweza kulivaa vazi lake, kulinunua jina lake, kumtetea mbele ya wenziwe, asipate hata mara moja kupimana naye. Fasheni ya mganda ilimfanya kijana kuwa mchezaji. Fasheni ya leo mara nyingi humwacha mtazamaji. Hili ndilo lalamiko la haki, nalo halina uhusiano na ugeni wala uasili.

Kwa hiyo yatupasa, sisi tunaoandika kamusi na kuhakiki sanaa, tuache kuuliza kitu kimetoka wapi, tuulize kinamfanyia nini mwenye kukishika. Tukiuhakiki mganda kama mtindo, twaweza kusema safu hii imelegea, wimbo huu ni wa kutumwa, kikundi hiki kimeleta hatua mpya nayo ni njema. Na kijana wa Mbinga aimbaye katika studio ndogo ya mjini kwake, kwa Kiswahili au kwa Kimatengo, naye apimwe kwa sikio hilo hilo. Ngoma inayokosolewa bado ina wachezaji. Ile inayosifiwa tu imekwisha kubaki na walinzi.